Msimu Mfupi: Historia ya Kandanda ya Shule katika Pwani ya Kilifi na Malindi

Historia ya kandanda katika pwani ya Kenya huandikwa kwa kawaida kwa majina ya klabu za Mombasa, na hasa Feisal, iliyotwaa ubingwa wa ligi ya taifa mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya ligi hiyo kuanza. Lakini kaskazini ya hori la Mtwapa, kutoka Kilifi hadi Malindi na Mambrui, na upande wa bara hadi Kaloleni na Ganze, mchezo huu umeishi mikononi mwa shule kuliko mikononi mwa klabu. Shule ndiyo iliyokuwa na kiwanja, mpira wa ngozi, filimbi, na mtu mzima aliyezijua sheria na ambaye mshahara wake haukutegemea kiingilio cha watazamaji. Anayetaka kuuelewa mpira wa Kilifi hana budi basi kuuelewa kwanza msimu wa shule, yaani kile kipindi cha mwaka ambamo timu za shule za upili hushindania vikombe, na jambo litakalomshangaza mapema ni ufupi wake. Ufupi huo haukutokana na uhaba wa vipaji wala wa hamu. Ulijengwa na kalenda tatu ambazo hazikuwahi kupatana, ile ya mihula, ile ya mvua na ile ya mwezi mwandamo, na waliofaulu kuurefusha ni watu ambao waliopanga msimu huo hawakuwa wamewafikiria hata kidogo, yaani wasichana.

Mchezo wenyewe, kwa sura tuijuayo leo, ni zao la wanafunzi. Katika Uingereza ya nusu ya kwanza ya karne ya 19 kila shule ya bweni ya matajiri ilicheza mpira kwa sheria zake, hii ikiruhusu kuushika kwa mikono na ile ikikataza, hivi kwamba vijana wa shule hizo walipokutana katika Chuo Kikuu cha Cambridge hawakuweza kucheza pamoja mpaka walipoandikiana sheria za kuwapatanisha mwaka 1848; sheria hizo zilichangia kwa kiasi kikubwa zile zilizotungwa na Chama cha Soka kilichoundwa London mwaka 1863. Wamishonari na maofisa waliokuja Afrika Mashariki baada ya hapo walikuwa wamelelewa katika shule hizo, au katika shule zilizoziiga, na waliamini kwa dhati kwamba mpira hufunza utii, uvumilivu na kukubali kushindwa, imani ambayo leo huweza kumchekesha yeyote aliyewahi kuona fainali ya wilaya ikiishia kwa refa kukimbizwa. Katika mwambao wa Waswahili mfano wa mapema unaojulikana vizuri ni Kiungani, Unguja, ambako misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyoanzishwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza, iliendesha Chuo cha Mtakatifu Andrea kwa ajili ya vijana waliokombolewa kutoka utumwani, na ambako kabla ya karne ya 19 kwisha wanafunzi walikuwa wakicheza kandanda chini ya walimu wao. Miongoni mwa timu za mwanzo kabisa za Waafrika katika mwambao huu, basi, ilikuwamo timu ya chuo.

Upande wa Kilifi mbegu ilipandwa katika vituo vya namna hiyo hiyo. Wamishonari Krapf na Rebmann wa misheni ya Kianglikana ya CMS walikaa Rabai mwaka 1846. Wamethodisti walifungua kituo chao Ribe mwaka 1862. Makazi ya Freretown, kando ya Mombasa, yalianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya walioachwa huru. Na baadaye CMS ilisogea ndani zaidi hadi Jilore na Kaloleni. Kwa miongo kadhaa baadhi ya vituo hivi, Rabai hasa, vilikuwa kimbilio la watoro, yaani watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, yakiwemo yale ya Malindi na Mambrui ambayo, baada ya mji wa Malindi kufufuliwa mwaka 1861 chini ya Sultani Majid wa Unguja, yalilimwa kwa kazi ya utumwa mpaka utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907. Elimu iliyotolewa huko ilikuwa ya Kikristo waziwazi, kwa hiyo wazazi Waislamu wa Malindi, Mambrui na Takaungu waliitazama kwa shaka, na haikuwa shaka ya bure, kwa kuwa lengo la misheni halikufichwa. Serikali ya kikoloni nayo ikaongeza mgawanyiko kwa kuzipanga shule kwa asili ya watu, za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali na za Waafrika mbali, na mtoto wa Kigiriama aliyesoma Kaloleni na mtoto wa mji aliyesoma Malindi wakaweza kukua wakicheza mchezo mmoja bila kukutana uwanjani.

Mijini mpira ulikuta ushindani uliokwisha kukomaa. Ngoma ya beni, iliyoiga gwaride na sare za majeshi ya Waingereza, ilikuwa imeigawa Mombasa kati ya vyama vya Kingi na Skochi, na Lamu vivyo hivyo, kila upande ukitumia fedha nyingi kuuaibisha mwingine kwa mavazi, kwa karamu na kwa mashairi. Kijana aliyezaliwa katika mazingira hayo hakuhitaji kufundishwa maana ya kuwa na mtani. Timu za mitaa ziliingia katika nafasi ile ile. (Msomaji asichanganywe na klabu ya Malindi iliyoanzishwa Unguja mwaka 1942, ambayo ni ya mtaa wa Malindi wa mjini Unguja na si ya mji wa Malindi unaozungumziwa hapa.) Tofauti ni kwamba timu ya mtaa ilicheza wakati wowote ilipopata mpinzani, ilhali timu ya shule ilicheza ilipopewa ruhusa, na tofauti hiyo ndiyo iliyofanya mpira wa shule uwe na msimu.

Kiungo kati ya misheni na shule za baada ya uhuru kilikuwa mwalimu. Kijana hodari wa shule ya msingi ya misheni alipelekwa Alliance, karibu na Nairobi, ambako kuanzia mwaka 1940 hadi 1962 mwalimu mkuu alikuwa Edward Carey Francis, mwanahisabati kutoka Cambridge aliyeiona michezo kuwa sehemu ya malezi sawa na sala ya asubuhi. Waliofaulu zaidi walikwenda Makerere, kisha wakarudi kufundisha. Ronald Ngala, aliyezaliwa mwaka 1923 katika nchi ya Wagiriama na aliyekuja kuwa mwanasiasa mkuu wa Pwani baada ya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, alipita njia hiyo hiyo ya Alliance, Makerere na ualimu. Siasa ilimchukua yeye, lakini wenzake wengi walibaki darasani, nao ndio waliokuja kuitwa walimu wa michezo, cheo kisicho na mshahara wake, ambacho mwenye nacho hufundisha Hisabati au Jiografia asubuhi na kuchora mistari ya kiwanja kwa majivu alasiri.

Ratiba waliyorithi walimu hao ilikuwa na asili ya mbali. Nchini Uingereza kandanda ni mchezo wa majira ya baridi kwa sababu majira ya kiangazi yaliachiwa kriketi, na msimu wake huvuka mwaka mmoja kuingia mwingine. Katika pwani ya Kenya, ambako hakuna baridi ya kumfukuza mtu uwanjani, mpaka wa msimu uliwekwa na mihula mitatu ya shule, Januari hadi Aprili, Mei hadi Agosti, na Septemba hadi Novemba, kila muhula ukipewa michezo yake. Kwa miaka mingi kandanda iliwekwa muhula wa pili. Kwa shule za nyanda za juu uamuzi huo haukuwa na ubaya mkubwa, lakini kwa Kilifi na Malindi ulikuwa wa kutofikiri, kwa kuwa Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi katika mwambao huu, kilele cha masika ziletwazo na upepo wa kusi. Mechi za awali, ambazo ndizo nyingi na ndizo zinazohusisha timu dhaifu zenye viatu vichache, ziliangukia wiki ambazo udongo mweusi hugeuka utelezi, ilhali fainali za taifa, zinazochezwa na timu chache zilizobaki, ziliangukia Julai na Agosti, ardhi ikiwa imekauka. Mchanga wa karibu na bahari hunywa maji upesi, kwa hiyo mtu wa Malindi mjini alilalamika kidogo kuliko mtu wa Kaloleni. Huko Ganze na Magarini ya ndani, ambako mvua ni haba na ukame hurudi kila baada ya miaka michache, tatizo liligeuka kuwa vumbi na, katika miaka mibaya, njaa, maana shule isiyo na chakula cha mchana haiwezi kumkimbiza mtoto dakika 90 jioni.

Kalenda ya tatu ni ile inayozunguka. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka na kuimaliza mihula yote mitatu katika muda wa miaka kama 33. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba kati ya mwaka 1980 na 1986, na tena kati ya 2012 na 2019, mfungo uliangukia, kwa sehemu au kwa ukamilifu, ndani ya muhula wa pili, na timu yenye Waislamu wengi, jambo la kawaida Malindi na Mambrui, ilicheza mechi zake za mtoano mchana wa Juni au Julai ikiwa na wachezaji ambao hawajanywa maji tangu alfajiri. Ratiba ya taifa ilipangwa na watu ambao kwao Pwani ilikuwa mkoa mmoja tu kati ya minane, na ni vigumu kuwalaumu kwa nia mbaya. Lakini ni vigumu vilevile kutoona kwamba shule iliyofunga na shule isiyofunga hazikuwa zikikimbia mbio moja. Mashindano ya mtaa ya usiku wa Ramadhani, yanayoanza baada ya tarawehe na kuendelea hadi karibu na daku mahali penye taa, yalikuwa jibu la mji kwa tatizo ambalo shule haikulijibu.

Hata bila mvua wala mfungo, msimu ungebaki mfupi kwa sababu ya muundo wake. Mashindano ya shule hupandishwa kwa ngazi: zamani kanda, wilaya, mkoa na taifa, na tangu ugatuzi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2013, kaunti ndogo, kaunti, eneo na taifa, na juu ya hapo michezo ya shule za upili za Afrika Mashariki ijulikanayo kama FEASSSA. Kaunti ya Kilifi ina maeneo bunge saba, Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini, na bingwa wake lazima avuke tena mabingwa wa Mombasa, Kwale, Taita Taveta, Tana River na Lamu kabla ya kuliona jukwaa la taifa. Ngazi hizo hupandwa zaidi kwa mtoano, yaani utaratibu ambao anayeshindwa hutoka, na hesabu ya mtoano haina huruma: timu 16 zikiingia, mechi zote ni 15, na timu nane, nusu nzima, hurudi nyumbani baada ya mechi moja. Hata pale makundi ya timu tatu au nne yanapotangulia, wengi hucheza mechi mbili au tatu. Nchini Marekani, ambako vyuo vikuu hucheza ule mpira wao wa kushika kwa mikono, timu ya chuo kikubwa huwa na uhakika wa mechi 12 katika msimu hata ikishindwa zote. Mshambuliaji wa shule ya kutwa ya Magarini anaweza kufanya mazoezi tangu Januari, akakosa penalti moja mwezi wa Mei, na mwaka wake wa mpira ukawa umekwisha.

Safari nazo zilikuwa sehemu ya mchezo. Mpaka daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991, timu iliyotoka Malindi kwenda Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, ilisimama kwenye gati ikisubiri feri ya kuvuka hori hadi Mnarani, na foleni ya malori ilipokuwa ndefu timu ilifika uwanjani ikiwa imekwisha kuchoka kabla ya kuvaa jezi. Daraja liliifungua barabara, lakini halikuifungua kwa wote sawasawa: Kilifi na Malindi ziko kwenye lami, ilhali kutoka Bamba au Marafa bado ilikuwa ni kukodi lori, wanafunzi wamesimama nyuma wakiimba, gharama ikitolewa na karo ambayo wazazi wengi hawakuwa wameimaliza. Jiografia hiyo ilizipa nguvu shule za bweni zilizo karibu na barabara kuu, na hasa Shimo la Tewa, iliyoko upande wa Mombasa wa hori la Mtwapa, ambayo huchukua wanafunzi wengi kutoka Kilifi na hivyo mara nyingine kuifunga Kilifi kwa miguu ya watoto wake.

Serikali nayo iliibadilisha timu ya shule bila kukusudia. Shule za harambee, zilizojengwa kwa michango ya wananchi katika miaka ya 1960 na 1970, ziliongeza idadi ya timu vijijini; mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulifuta kidato cha tano na cha sita, ambacho watahiniwa wake wa mwisho walimaliza mwaka 1989, na kwa pigo moja ukaziondolea shule kubwa vijana wa miaka 18 na 19 waliokuwa uti wa mgongo wa vikosi vyao. Kisha fedha za maendeleo ya maeneo bunge zilizoanza mwaka 2003, pamoja na ruzuku ya karo ya sekondari iliyoanza mwaka 2008, zilizaa wimbi la shule za kutwa, nyingi zikiwa na madarasa manne, ofisi, na kiwanja kilichokatwa na njia ya miguu ya wapita njia. Timu zikaongezeka, nafasi za juu zikabaki zile zile, na mtoano ukawa mkali zaidi. Hapo ndipo suala la mamluki, yaani wachezaji wanaosajiliwa shule kwa ajili ya mpira tu, wengine wakiwa wamepita umri, lilipokuwa ugonjwa wa kila mwaka: mwalimu mkuu ambaye msimu wake unaweza kuishia mechi ya kwanza ana kishawishi kikubwa cha kuhakikisha hauishii hapo, na rufaa juu ya vyeti vya kuzaliwa zikageuka kuwa mashindano mengine yanayochezwa mezani.

Elimu ya juu ilichelewa kuingia katika hadithi hii, na sehemu yake inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Taasisi ya Kilimo ya Kilifi iligeuzwa kuwa Chuo Kikuu kishiriki cha Pwani, chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, mwaka 2007, na kupewa hati ya kujitegemea mwaka 2013. Mji wa Kilifi ukapata kwa mara ya kwanza timu ya chuo kikuu, pamoja na kundi la vijana wenye jioni zilizo wazi. Lakini mwanafunzi wa chuo kikuu hutoka kila pembe ya Kenya, hukaa miaka minne na kuondoka, na timu yake hukutana zaidi na vyuo vingine kuliko na majirani.

Mabadiliko makubwa yalitoka mahali ambapo wakuu wa michezo hawakuwa wakitazama. Mwaka 2001 lilianzishwa Kilifi shirika la Moving the Goalposts, ambalo mwanzilishi wake, Mwingereza Sarah Forde, alilieleza katika kitabu cha Playing by the Rules kilichochapishwa mwaka 2008. Lengo lilikuwa wasichana wa wilaya ambamo wengi wao waliacha shule mapema kwa umaskini, mimba au ndoa, na ambako mpira ulihesabiwa kuwa wa wavulana. Kinachostahili kuangaliwa na mwanahistoria, zaidi hata ya nia hiyo njema, ni namna msimu ulivyopangwa. Badala ya kungoja muhula wa pili, wasichana walicheza mwaka mzima. Badala ya mtoano peke yake, walicheza ligi, ambamo anayeshindwa leo hurudi wiki ijayo. Na badala ya mwalimu kuamua kila kitu, kila kiwanja kilikuwa na kamati ya wasichana wenyewe waliochaguliwa, ambao walipanga ratiba, wakasomea urefa, ukocha na huduma ya kwanza, na baada ya mechi wakakaa kivulini kuzungumzia afya ya uzazi na mambo mengine ambayo darasani hayakuwa na kipindi. Kwa kuwa timu zilikuwa za vijiji pamoja na za shule, msichana aliyekatisha masomo hakukatishwa mpira. Kutoka Kilifi utaratibu huo ulienea hadi Malindi na sehemu nyingine za Pwani.

Upinzani ulikuwepo, na haukuwa wa upande mmoja wa dini. Wazazi Wakristo na wa dini ya asili waliuliza nani atachota maji na kulea wadogo wakati binti yuko uwanjani. Wazazi Waislamu waliongeza suala la mavazi, na hapo tatizo la Malindi likakutana na tatizo la dunia, kwa sababu mwaka 2007 chombo kinachotunga sheria za kandanda kiliamua kwamba hijabu haikubaliki katika mavazi ya mchezo, kikaruhusu majaribio mwaka 2012, na kikaikubali rasmi mwaka 2014. Mpaka majaribio hayo yalipoanza, msichana aliyecheza amejifunika aliweza kucheza ligi ya kijijini bila swali, lakini njia ya kupanda hadi mashindano ya kimataifa ilikuwa imefungwa kwa karatasi iliyotiwa saini mbali sana na Malindi. Miaka miwili baada ya kizuizi hicho kuondolewa, mwaka 2016, timu ya taifa ya wanawake, Harambee Starlets, ilifuzu kwa mara ya kwanza kwa fainali za Kombe la Afrika zilizofanyika Kamerun, na hoja ya kwamba mpira wa wasichana hauna mahali pa kufikia ikapoteza nguvu.

Udhaifu wa msimu unaotegemea shule ulionekana Machi 2020, shule zote za Kenya zilipofungwa kwa sababu ya korona; zilifunguliwa kikamilifu Januari 2021, lakini mashindano ya shule yalirejea mwaka 2022, huku kalenda ya mihula ikiwa imebanwa ili kufidia muda uliopotea na mpangilio wa zamani wa michezo kwa mihula ukiwa umevurugika. Tangu hapo mageuzi mengine yamekuwa yakiingia kupitia mtaala wa umilisi, ambao ulizileta sekondari za chini mwaka 2023, zikiwekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, na ambao kuanzia Gredi ya 10, mwaka 2026, unaigawa sekondari pevu katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na sayansi ya michezo. Kwa maandishi, mkondo huu unaupa mpira nafasi katika ratiba ya masomo ya mwaka mzima, na si katika wiki chache za muhula mmoja. Lakini mkondo wa sayansi unatakiwa kuwepo katika kila shule, ilhali ule wa michezo hupewa shule zenye viwanja, vifaa na walimu wake, na zile shule za kutwa zilizojengwa kwa haraka huko Ganze na Magarini, zenye kiwanja kinachokatwa na njia ya miguu, bado zitaingia msimu kwa kupitia mtoano wa kaunti ndogo.